Kuku Niliyemla kwa Hofu ya Sumu

Kama umeketi nyumbani umeegemea ukuta ili uone mlango vizuri, na mtu aliyekuumiza yuko mahali fulani anatibiwa na inasemekana amepata nafuu, haya ninayoandika ni yako. Mimi si daktari. Ni fundi wa nguo wa Bumula, mama wa msichana mmoja, na mkono wangu wa kushoto una vidole viwili visivyokunjika. Sitakudanganya kwamba hofu imeisha yote. Lakini sasa nalala, nakula, na kuna siku nacheka mpaka watu wananiangalia.

Nianze na siku yenyewe niimalize haraka, kwa sababu watu hupenda kukaa hapo na mimi sipendi. Mahindi yalikuwa yamefika magotini na watu wengi walikuwa shambani kwa palizi. Mimi nilikuwa barazani nashona sare za shule. Shemeji yangu Wekesa, mdogo wake mume wangu, kichwa chake kilikuwa kimeharibika tangu Krismasi. Alikuwa haogi, anaongea peke yake, na alisema cherehani yangu inamtaja jina. Sisi tulicheka. Mama mkwe alisema ni mapepo, akamwita mchungaji. Basi siku hiyo Wekesa akaja na panga ya kufyekea ua, akaniambia niinyamazishe cherehani. Nilikuwa nimeshaacha kukanyaga. Akasema bado inaongea. Niliinua mkono wa kushoto kukinga kichwa, na ndipo majirani wakaingia.

Korti ilisema ni kweli alifanya, lakini akili haikuwa yake. Kwa hivyo hakufungwa kama wezi wanavyofungwa. Aliwekwa jela huko Kitale, awe akitibiwa hadi jaji aone anaweza kutoka. Hakuna mtu aliyenikalisha chini akanieleza hiyo "hadi" ni ya lini. Mimi nilidhani ni maisha, na nikaitegemea hivyo.

Mkono ulishonwa Bungoma, ukatiwa plasta. Mvua zote za mwaka huo nilizipitisha kwenye foleni za hospitali, nikinusa plasta yangu mwenyewe, maana ilikuwa inanuka jamani. Ilipokatwa, ulitoka mkono mwembamba, mweupe, wenye vinyweleo vingi, nikasema huu si wangu. Daktari wa viungo alinipa sifongo ya kuosha vyombo, akaniambia niifinye asubuhi na jioni. Niliifinya nikiwa jikoni, kanisani, hata matangani. Mahindi yalipokauka nilikuwa naweza kushika kikombe.

Watu hufikiri ugonjwa wangu ulikuwa ule mkono. Ugonjwa ulikuja mkono ulipopona. Nilirudi kwenye cherehani, nikakanyaga mara ya kwanza, nikasikia ule mlio, nikatapika juu ya kitambaa cha mteja. Baada ya hapo sikulala. Nikisinzia naona nyasi za uani zinasogea, kama kuna mtu anakuja. Nywele zilianza kung'oka na kitana. Nikipewa chai naacha mwingine anywe kwanza. Mtu akikohoa nyuma yangu, jasho linanitoka mpaka kwenye nyayo. Nilikuwa nasukuma kabati mlangoni kabla jua halijazama, na mume wangu akirudi anagonga kwake mwenyewe kama mgeni.

Kila mtu aliniambia, "Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka." Mama mkwe aliniambia, mchungaji akaniambia, mpaka muuza nyanya wa pale kituoni akaniambia. Nilichoka na huo ung'ongo.

Mume wangu, Baba Faith, ndiye aliyeamua niende Kibomet kwa dada yangu Naliaka nikapumzike. Ndiyo, Kibomet ya Kitale, mji ule ule wenye jela ya Wekesa. Watu walishangaa. Lakini mimi niliona jela ina kuta za mawe na askari, na mlango wa nyumba yetu Bumula ni wa mabati. Faith alibaki na baba yake kwa sababu ya shule. Hilo liliniuma kuliko panga, na nalisema hivyo hivyo.

Naliaka anauza chapati kando ya barabara, na ni mtu wa subira, lakini nilimaliza subira yake. Nilikuwa nageuza viti vyake vyote vitazame mlango. Nilificha visu vyake. Siku moja alisimama mbele yangu na kabeji mkononi. "Nasimiyu," akasema, "visu vyangu ni vya kabeji. Havijui mtu. Rudisha." Nikavitoa chini ya godoro. Hakunigombeza. Alikata kabeji, kisha akaniambia kesho tunaenda hospitali, na si kwa ajili ya mkono.

Kliniki ya akili pale hospitali iko mkabala na ya meno, na benchi ni moja. Nilishukuru Mungu kwa hilo benchi. Nilikuwa nakaa nikitazama mlango wa meno huku nimeshika shavu, ili mtu wa Bumula akipita aseme, maskini, Mama Faith ana jino. Siku ya tatu muuguzi, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe, alichungulia akasema, "Wewe wa meno, ingia, zamu yako imefika." Tangu siku hiyo akawa ananiita wa meno mbele za watu, na mlango ukifungwa ananiita jina langu. Wema wa namna hiyo usiudharau ukiupata. Mimi uliniokoa zaidi ya maombi mengi niliyofanyiwa.

Dawa zilinikausha mdomo na kuninenepesha. Nililala usingizi wa gunia. Sketi zangu zote nilizifumua pembeni nikaongeza vipande, kwa mkono, na sindano, maana cherehani bado ilinishinda. Mvua zikaja zikaenda. Nikaacha kuonja chakula cha Naliaka. Viti vikaanza kutazamana tena, na siku moja nikagundua nimekaa nimeupa mlango mgongo na sijafa. Nikapiga simu nyumbani, nikamwambia Faith, mwaka ujao tukipanda, mama anarudi.

Halafu mama mkwe akaja na kuku.

Ilikuwa wakati wa mavuno, mahindi yameanikwa Kibomet yote mpaka kandokando ya barabara. Alifika bila kupiga simu, amevaa leso mpya, amebeba hotpoti. Nyuma yake alikuwepo Mzee Makokha, mzee wa ukoo wetu, aliyesema amekuja tu kuuliza bei ya mahindi Kitale. Bei ya mahindi watu huuliza kwa simu. Nikaliweka hilo moyoni.

Hotpoti ilifunguliwa. Kuku wa kienyeji, na ugali wa wimbi. Huyu mama, tangu niolewe, hajawahi kunichemshia hata yai. Sasa akachota, akachagua, akaniwekea firigisi kwenye sahani. Wewe unayesoma, kama umeolewa kwetu, unajua firigisi ni ya mwenye boma. Mwanamke apewe firigisi na mama mkwe wake, tena akiitwa mwanangu? Nikasema moyoni, leo nauawa.

"Kula, mwanangu," akasema. "Umekonda."

Nilikuwa nimenenepa mpaka sketi zimeongezwa vipande.

"Tule pamoja, Mama," nikamjibu. "Sahani moja. Na mzee pia akaribie."

Nilitegemea atakataa, aseme ameshiba, nipate ushahidi. Hakukataa. Uso wake ulifunguka, akanawa mikono upesi, akamega ugali. Mzee Makokha naye akavuta kiti. Nikawaacha wale kwanza. Nilimwangalia mama mkwe akitafuna, akimeza, nikingoja ashike tumbo. Hakushika. Basi nikala, na nikwambie kweli, alikuwa kuku mtamu. Firigisi nayo nilikula. Tulipomaliza, Mzee Makokha alipangusa ndevu akasema, "Basi, ni vizuri," wakatazamana na mama mkwe, wakaondoka. Bei ya mahindi hakuuliza.

Nilikaa nikingoja tumbo linikate. Halikukata. Nikajilaumu mpaka nikalia. Nilimwambia Naliaka labda ugonjwa umerudi, kwamba mama mzee amenitembelea na chakula na mimi namfikiria sumu. Naliaka akasema, "Pumzika, umechoka." Lakini yeye pia alikuwa amekunja uso, akaniuliza mara mbili kwa nini mzee wa ukoo aletwe kula kuku.

Kliniki iliyofuata nilikuwa benchini, nimeshika shavu kama kawaida, niliposikia pingu. Askari jela aliingia na mtu amefungwa naye mkono kwa mkono. Mtu huyo alikuwa amenyolewa, amevimba uso, anaburuta miguu. Walikaa mwisho wa benchi. Sikumtambua mpaka alipogeuka.

Mwili wangu ulimtambua kabla yangu. Nilipata baridi, masikio yakaziba, na nilijikojolea kidogo. Naliandika hili kwa sababu yuko mwingine limempata akadhani ni yeye peke yake duniani. Nilitaka kukimbia na miguu ikakataa.

"Mulembe, shemeji," akanisalimia. Sauti yake ilikuwa nzito, ya mtu aliyeamshwa. Mikono ilikuwa inamtetemeka juu ya magoti. Hakunisogelea. "Mama aliniambia umekula. Nashukuru sana. Huyo jogoo alikuwa wangu."

"Jogoo gani?"

"Si wale kuku wangu wa boma? Mama amewafuga. Ati sasa mimi na wewe tumekula, naweza rudi nyumbani. Mzee Makokha ameshaambia watu wa probesheni."

"Wewe, nyamaza," askari akamwambia.

Kwetu, damu ikimwagika kati ya watu wa ukoo, hawali chungu kimoja. Watapitana njiani, watasalimiana, lakini chungu kila mtu na chake. Siku watakapokula pamoja mbele ya mzee, maneno hayo yamekwisha, na atakayeyafufua ndiye mbaya. Wekesa hakuwepo Kibomet, lakini jogoo wake alikuwepo, mama yake alikula badala yake, na shahidi alikuwepo. Nami ndiye niliyesema tule sahani moja. Nilikuwa nikichunga sumu na nikajitia mwenyewe kwenye mtego, tena nikawakaribisha viti. Nilipoingia kwa muuguzi nilikuwa nimejaa hasira, na nikamwambia hasira ni bora, kwa sababu nilikuwa sijaisikia tangu siku ile ya panga.

Baba Faith alikuja Kibomet Jumapili. Nilimuuliza swali moja tu, kama alijua. Akaangalia viatu vyake.

"Ni ndugu yangu, Mama Faith," akasema. "Tumbo moja. Amekaa ndani sana. Unataka aozee huko?"

"Na Faith ni wa tumbo gani? Nyumba ya Wekesa na dirisha la Faith, mtu akikohoa huku anasikika kule."

"Amepona."

"Nani amesema?"

"Daktari. Na yeye mwenyewe anasema."

"Basi nitaenda kwa hao watu wa probesheni nami niseme."

Hapo ndipo aliposema neno ambalo limekaa ndani yangu mpaka leo, ingawa tumeshasameheana mengi. Alisema kwa upole, bila ubaya. "Watakusikiliza vipi? Kila mtu anajua unaenda hiyo kliniki."

Kumbe lile shavu nililokuwa nashika miezi yote halikumdanganya mtu.

Nilikwenda ofisi ya probesheni Bungoma peke yangu. Usingoje waje kukuuliza, nenda wewe. Nilikaa kwenye veranda ya ofisi ile asubuhi nzima, nikimshuku kila anayeingia, nikimshuku hata mfagiaji aliyenipa kiti. Afisa alikuwa binti mdogo, mwenye adabu, na adabu yake nayo niliishuku. Alinikaribisha, akaniita Mama, akasema yeye anaandalia jaji ripoti ya kumwezesha Wekesa kuachiliwa, na kwamba wameshapata habari njema kwamba familia imepatana.

"Tumeambiwa mlikula pamoja," akasema.

"Nilikula kwa sababu niliogopa sumu."

Alijikaza asicheke. Mimi mwenyewe, nikisikia maneno yangu, niliona yanachekesha. Nikamweleza yote, kuanzia firigisi. Alikuwa mtu wa Pwani, hiyo mila hakuijua, ikabidi nimweleze mara mbili. Kisha akasita, akasema kuna jambo lingine na nisikasirike. Familia wamesema mimi pia natibiwa akili, na kwamba woga wangu ni ugonjwa, utapungua nikiendelea na dawa.

"Ni kweli natibiwa," nikamwambia. "Na Wekesa je? Si anatibiwa pale pale, benchi moja na mimi? Yeye akisema amepona mnaandika amepona. Mimi nikisema naogopa mnaandika mgonjwa. Hiyo kliniki mbona inamfanya yeye aaminike na mimi inanifanya mwongo?"

Alinyanyuka. Nilidhani ananitafutia askari. Badala yake alivuta kiti, akasema, "Mama, tuanze upya. Unaogopa nini hasa?"

Ni swali jepesi, lakini hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza tangu nishonwe mkono. Watu waliniambia nisiogope. Hawakuniuliza naogopa nini. Nilikaa na binti yule mpaka chakula cha mchana, na nilipotoka nilinunua ndizi nikazila njiani bila kuzinusa kwanza.

Jaji alisikiliza jambo letu kiangazi, mashamba yameshalimwa, watu wanangoja mvua. Ukumbi ulikuwa wa joto. Mama mkwe alikaa upande ule na Mzee Makokha, mimi huku na Naliaka. Baba Faith alikaa katikati, nyuma, peke yake, na nilimhurumia ingawa nilikuwa nimemkasirikia.

Niliitwa niseme. Nilikuwa nimejitayarisha maneno mengi na yote yakapotea. Nilisema, "Mheshimiwa, sitaki afie jela. Nimemwona, hana furaha, na alikuwa mgonjwa. Lakini alivyokuwa anaugua tulimficha, tukamwitia mchungaji, na mimi nikalipa na mkono. Hawa wanaotaka kumpokea ni wale wale. Siogopi Wekesa wa leo. Naogopa Wekesa wa siku atakayokosa sindano yake ya ugonjwa wa akili, na hakuna wa kuniambia." Kisha nikakaa.

Mama mkwe alisema mtoto wake atatunzwa vizuri. Alisema damu ni nzito kuliko maji. Alisema mimi ni binti yake, tumekula naye sahani moja. Aliapa dawa hazitakosekana hata siku moja. Alisema vizuri, bana, hata mimi nikaanza kulainika, nikafikiri huenda kweli ni mimi mwenye moyo mbaya.

Jaji akamuuliza Wekesa kama ana la kusema. Alisimama polepole. Ilionekana ni kazi kwake kutafuta maneno.

"Mimi nataka kwenda nyumbani," akasema. "Nataka sana. Lakini Mama alikuja kuniona, akasema nikifika nyumbani ataita mchungaji, ati hiyo sindano tutawachana nayo, inanifanya nanenepa na kulala. Mimi sitaki kuwacha. Sauti zikirudi zitanidanganya tena, na mimi nitaamini." Akanigeukia. "Shemeji haongopi. Mimi pia naogopa hiyo siku."

Mama mkwe alifunika uso na leso. Sikufurahi. Nilitegemea siku nikipatikana mkweli nitafurahi, na nilichosikia ni uchovu, na huruma kwa huyo mama aliyetaka mtoto wake awe kama zamani. Alikuwa anampenda. Hakuna mahali niliposhuku hilo.

Jaji alisema Wekesa atoke, lakini asikanyage boma la Bumula mpaka nisikilizwe tena. Akae Kamukuywa kwa mjomba wake, fundi wa baiskeli ambaye hana mchungaji wala hana haraka. Sindano apigwe Kitale kila mwezi, na akikosa, hospitali imjulishe afisa, na afisa anijulishe mimi, kwa simu, siku hiyo hiyo. Hapo ndipo nilipolia. Kumbe ni jambo dogo hivyo, mtu kuahidiwa ataambiwa.

Lakini ahadi ni ahadi tu, na mimi nimeshapewa nyingi. Nilikwenda kwa muuguzi nikamwomba siku ya Wekesa iwe siku yangu. Akaweka kalamu chini.

"Watu huniomba niwatenganishe," akasema. "Wewe wataka niwakutanishe?"

"Nataka kumwona akiingia na akitoka ameshika bega. Nikibaki nyumbani nitakuwa nafikiria."

Akasema Wekesa naye aulizwe, nami nikaona ni haki. Wekesa alikubali.

Mvua zilipoanza nilirudi Bumula. Nilipanda mahindi yangu mwenyewe, mkono mmoja ukichimba na mwingine ukidondosha mbegu. Faith amekuwa mrefu kunipita. Cherehani nilianza nayo kwa hirizi yangu mwenyewe, redio kwa sauti ya juu, kisha nikapunguza kidogo kidogo. Mama mkwe ananisalimia na hatuli pamoja, na hilo tumelizoea. Kila mwezi natoka kwenda Kitale. Wekesa anakaa mwisho huu wa benchi, mimi ule, na katikati wagonjwa wa meno. Shavu nimeacha kulishika. Hatuzungumzi zaidi ya mulembe. Akitoka ndani, naangalia bega. Sijamsamehe, kama unataka kujua. Watu huniuliza swali hilo sana, na wengi wao hawajawahi kukatwa.

Basi ukafika mwezi nilioona nimepona. Sare za shule zilikuwa nyingi, nalala vizuri, na zile tembe zilikuwa zinanifanya nisinzie juu ya kitambaa. Nilikuwa nimeziacha kabatini wiki kadhaa bila kumwambia mtu, hata Naliaka. Siku ya kliniki nikasema moyoni, mwezi huu nisiende, nimalize kazi za watu. Nilikuwa nakanyaga cherehani simu ilipolia. Alikuwa muuguzi.

"Kuna mtu hapa ameshapigwa sindano na amekataa kuondoka," akasema. "Anasema hujafika. Anauliza kama umeacha dawa. Ati mtu akiacha anaweza kuumiza watu, na kule nyumbani kuna mama yake."

Nilishikwa na hasira mpaka nikasimama. Mimi? Mimi nimwumize nani? Mtu huyu, kati ya watu wote, ananishuku mimi. Nikamwambia muuguzi ampe simu.

"Shemeji," Wekesa akasema. Nyuma yake nilisikia watu wa benchi. "Umekunywa dawa?"

Nilitaka kusema ndiyo. Neno lilikuwa mdomoni kabisa, jepesi, lile lile aliloapa mama mkwe mbele ya jaji.

"Bado," nikasema.

"Kunywa sasa," akasema. "Nisikie."

Nilikwenda kabatini. Nikatoa tembe, nikachota maji kwenye mtungi, nikameza, simu ikiwa sikioni. Nikamwambia tayari, na kwamba kesho naja kliniki mwenyewe.

Kisha akaniuliza kama kweli nimemeza.